Vidonge Walivyogawana

Selemani aliteremka melini katika bandari ya Mtwara mwishoni mwa mwezi wa tatu, mwaka 1974. Mvua ilikuwa inanyesha. Alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anasomea sheria, na likizo ndefu ilikuwa imeanza. Kwao ni kijiji kimoja si mbali na Madimba. Huko alimwacha mkewe, Salma, na bibi yake, Bi Somoe, aliyemlea tangu alipofiwa na wazazi. Salma alikuwa na mimba ya miezi sita. Ilikuwa mimba yao ya kwanza.

Siku za mwanzo zilikuwa za furaha. Asubuhi Salma alimenya mihogo uani, Selemani akapasua kuni, na Bi Somoe akakaa kwenye jamvi akiwatania wote wawili.

"Mume wangu kaja," alisema. "Wewe mke mwenzangu ukae pembeni kidogo. Tangu mwezi wa tisa umekuwa naye katika barua, mimi sijui kusoma, nimebaki mjane."

"Mchukue, Bibi," Salma alijibu bila kuinua kichwa. "Lakini ujue anakula sana."

"Nimemlea mimi. Unanifundisha?"

Walicheka. Hivyo ndivyo bibi na mjukuu huzungumza katika nyumba zile. Bibi humwita mjukuu mume, na kwa utani huo anaweza kumuuliza jambo lolote ambalo mama hawezi kumuuliza mwanawe.

Siku ya nne, alfajiri, Selemani alikwenda chooni. Alipokojoa alisikia ukali kama wa pilipili. Alitazama nguo yake ya ndani, akaona usaha wa manjano. Alisimama pale kitambo, mkono mmoja ukiwa umeshika ukuta wa makuti. Ugonjwa ule aliufahamu. Ulikuwa kisonono.

Hofu haikumjia kwanza. Kilichotangulia ni hasira. Alianza kuhesabu moyoni, kama mtu aliye mbele ya hakimu. Kweli, mwaka jana aliugua Dar es Salaam. Lakini mwezi wa kumi alichomwa sindano mjini, akapimwa, akaambiwa amepona. Tangu siku ile hakugusa mwanamke mpaka alipofika nyumbani. Mwanamke aliyemgusa ni mmoja tu, Salma. Basi ugonjwa umetoka kwa Salma. Na Salma ameupata wapi?

Akamkumbuka Hassani, karani wa ushirika wa korosho, ambaye kila mwezi alikuwa akimletea Salma barua kutoka posta ya Mtwara. Karani ana baiskeli. Karani hupewa maji ya kunywa na kiti cha kukalia. Kabla jua halijapanda, Selemani alikuwa amekwisha kumaliza kesi, na hukumu ameitoa.

Hakumwambia mtu. Alisema mgongo unamuuma, akahamishia mkeka wake barazani. Mchana akamwambia Salma, "Fungafunga vitu vyako. Kesho kutwa uende kwenu Mikindani."

Salma alishangaa. "Mbona mapema? Tulisema nikitimiza miezi saba."

"Siku za mvua njia hazitabiriki. Bora uwahi."

Hakuna aliyeweza kulitilia shaka jambo lile. Desturi ni kwamba mwanamke akiwa na mimba ya kwanza hurudi kwao kujifungulia mikononi mwa mama yake. Selemani aliitegemea desturi hiyo. Salma ataondoka kwa heshima, na vigelegele vya majirani. Talaka itamfuata nyuma. Aliiandika kwenye karatasi ya daftari, akaikunja, akaiweka katikati ya kitabu chake kinene cha sheria.

Jioni Bi Somoe alimfuata barazani. Alikaa polepole, akanyoosha miguu.

"Mume wangu, umenichoka mimi au umemchoka mwenzangu?"

"Sijachoka mtu, Bibi."

"Mgongo ulioumia asubuhi hauwezi kulala kitandani, lakini kwenye sakafu ya udongo unaweza. Huo ni mgongo wa ajabu. Na asubuhi umekwenda chooni mara tano, umerudi umekunja uso mara tano. Nimehesabu, maana sina kazi nyingine. Sema."

Selemani alitazama ua. Salma alikuwa anaanua kanga kabla mvua haijarudi. Alisema kwa sauti ndogo, "Salma si mwaminifu."

"Umemkuta na mtu?"

"Hapana."

"Umeambiwa na mtu?"

"Hapana. Lakini ana ugonjwa. Ugonjwa wa zinaa."

"Ugonjwa huo umeuona wapi?"

Selemani aligeuza macho tena uani.

"Nimekuuliza umeuona wapi."

"Kwangu mimi."

Bi Somoe aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Hakupandisha sauti. "Basi mgonjwa tunayemjua mpaka sasa ni wewe. Kesho nenda zahanati kwa Nesi Raheli. Ukisharudi, utaacha mke au hutaacha, hiyo ni hiari yako. Lakini Salma hatoki katika nyumba hii mpaka umefika huko."

Nesi Raheli alikuwa mkunga wa zahanati. Kwao ni Upareni, lakini alikuwa amefanya kazi upande huu miaka mingi, na watoto wengi wa kijiji walipita mikononi mwake. Selemani alimkuta peke yake, anachemsha sindano. Alimwamkia, akakaa, akakunja mikono.

"Nesi, nina rafiki yangu," alianza.

"Haya."

"Ana maumivu akikojoa. Anatoka usaha."

"Mwite aingie."

"Hayupo hapa."

"Basi atakapokuja atatibiwa. Siwezi kumchoma rafiki yako kwa kukuchoma wewe." Raheli alifunika sufuria, akavuta kiti karibu. "Mwanangu, hapa wameingia walimu, wavuvi, hata mwenyekiti mmoja wa kijiji, si wa hapa, usianze kumtafuta. Wote walikuwa na rafiki. Sema lako."

Selemani akasema. Raheli alichukua usaha kidogo kwenye kipande cha kioo, akamtoa damu mkononi. Alisema vyote vitapelekwa hospitali ya mkoa kupimwa, lakini dalili zilikuwa wazi na matibabu hayatasubiri. Kisha akauliza, "Uliwahi kuugua hivi kabla?"

"Niliugua mwaka jana, mwezi wa nane. Lakini nilipona."

"Nieleze ulivyotibiwa."

"Daktari wa Dar es Salaam alinipa vidonge ishirini. Vinne kila siku, siku tano."

"Ukameza vyote?"

Selemani alijikuna shingoni. "Bwenini tunalala watatu chumba kimoja. Wenzangu wawili nao walikuwa wanaumwa. Waliona haya kwenda kwa daktari. Filipo akasema sisi ni vijana wa ujamaa, haiwezekani mmoja ashibe dawa na wengine wakose. Tukagawana."

"Mligawana vipi?"

"Wao saba saba. Mimi sita, kwa kuwa cheti kilikuwa changu na sikutaka waone nawapunja."

Raheli alimtazama bila kucheka, ingawa midomo yake ilitaka. "Ugali mnagawana. Chumba mnagawana. Dawa ni kipimo cha mtu mmoja. Ukila nusu, vijidudu dhaifu vinakufa, vyenye nguvu vinabaki. Usaha unakauka, mtu anasema amepona, na ugonjwa bado umo ndani. Ninyi hamkutibiwa watatu. Hakutibiwa hata mmoja."

"Lakini mimi nilikwenda tena! Mwezi wa kumi ulirudi. Nilichomwa sindano na kupimwa. Nikapona kabisa."

"Nakuamini. Mwezi wa kumi ulipona." Raheli aliinua vidole vitatu. "Mwezi wa nane umemeza sita badala ya ishirini. Mwezi wa kumi umechomwa sindano." Alikishika kidole cha katikati. "Mwezi wa tisa ulikuwa wapi?"

"Nilikuja nyumbani wiki mbili."

"Ulilala na nani?"

"Na mke wangu."

"Mimba ya Salma ni ya lini?" Raheli aliuliza tena.

"Mwezi wa tisa."

"Siku ulizompa mimba ndizo siku ulizompa kisonono. Ukaondoka, ukaenda kutibiwa peke yako. Mkeo amekaa nao tangu hapo. Sasa umerudi mzima, na yeye amekurudishia mzigo wako."

Selemani akasema, "Lakini Salma haumwi. Hajalalamika hata siku moja."

"Mwanamume huona dalili mapema, kwa kuwa kukojoa kunamchoma. Wanawake wengi hawaoni kitu. Wengine hupata maumivu kidogo chini ya kitovu, au uchafu unaobadilika rangi, nao hudhani ni uchovu au ni mimba. Ugonjwa unaendelea kimya kimya. Ukipanda juu unaweza kuziba mirija ya uzazi, na mwanamke asizae tena. Na yeye ana mtoto tumboni."

"Mtoto atapata nini?"

"Mtoto akipita njia yenye ugonjwa ule wakati wa kuzaliwa, usaha huingia machoni. Siku ya pili au ya tatu macho yanavimba na kufumba. Asipotibiwa upesi anaweza kupofuka. Nimewaona watoto wa namna hiyo. Mmoja sasa ana miaka minane, anaongozwa kwa mkono."

Selemani aliinama. Moyoni aliiona Mikindani, mbali na Nesi, mama mkwe hajui kitu, na mtoto amezaliwa ndani ya chumba ambamo hakuna aliyejua la kutazama. Yeye ndiye aliyekuwa anampeleka huko.

"Lakini muda upo," Raheli alisema. "Penisilini inatibu ugonjwa huu, na haimdhuru mjamzito. Nitawatibu wote wawili siku moja. Hamtakutana kimwili mpaka vipimo viseme mmepona. Usimpe kidonge chochote ulichokuja nacho kutoka Dar es Salaam, maana vipo vinavyomdhuru mtoto tumboni."

"Basi nitamleta kesho," Selemani alisema haraka. "Wewe mchome, umwambie ni sindano ya mimba."

"Siwezi."

"Nesi, ni neno dogo tu."

"Mwili ni wake. Asipojua anaumwa nini, hatajua la kutazama wala la kukataa. Kesho ukienda tena chuoni na kurudi na mzigo mwingine, atakupokea kama alivyokupokea mwezi wa tisa. Mwambie wewe mwenyewe. Ukishindwa, mje wote wawili, nami nitakaa kati yenu, lakini maneno yatatoka kinywani mwako." Akaongeza, "Na huyo aliyekuambukiza mwezi wa nane?"

"Ni mwanafunzi mwenzetu, Veronika. Sikumwambia. Vijana bwenini walisema wanawake ndio wenye ugonjwa huu, kwa hiyo yeye anajua."

"Hajui, kama mkeo asivyojua. Ugonjwa huu hauna mwenyewe. Aliye nao humpa asiye nao, awe mume au mke. Leo hii, kabla hujapika hukumu nyingine, utawaandikia Filipo, na yule wa tatu, na Veronika."

Selemani alirudi kwa miguu. Njia ilikuwa na matope, naye hakuwa na haraka. Alimkuta Salma uani, sufuria mbele yake, mihogo nusu imemenywa. Bi Somoe alipomwona uso, alichukua jamvi lake, akaenda kwa jirani kuomba chumvi ambayo ndani ilikuwepo tele.

Selemani alikaa chini mbele ya mkewe. Alimwambia yote, tangu mwezi wa nane mpaka asubuhi ile. Hakulificha jina la Veronika. Alimwambia kuhusu vidonge, na kuhusu Hassani karani, na kuhusu macho ya mtoto. Mwisho akakileta kitabu, akatoa ile karatasi.

Salma alijifuta mikono, akaisoma. Aliisoma mpaka mwisho.

"Kumbe safari ya Mikindani ilikuwa hii," alisema.

"Ndiyo."

"Uliandika kwanza, ukauliza baadaye. Ndiyo sheria mnayofundishwa huko?"

Selemani alikifunga kitabu.

"Mwaka huu, mwezi wote wa pili, tumbo la chini liliniuma," Salma aliendelea. "Nikaona na uchafu. Mambo hayo huambiwa somo wako aliyekufunda unyagoni, na somo wangu yuko Mikindani. Sikumwandikia, kwa sababu barua inasomwa na wengi. Nikasema ndivyo mimba zilivyo." Aliitia karatasi ndani ya moto uliokuwa kando, chini ya chungu. "Mtoto je? Nesi amesema muda upo?"

"Amesema upo."

Salma alisimama, akajifunga kanga ya pili.

"Unakwenda wapi?" Selemani aliuliza.

"Zahanati."

"Sasa hivi? Mihogo?"

"Utamenya wewe siku nyingine, na siku nyingi. Inuka."

Walichomwa sindano alasiri ile, kila mtu na yake. Raheli alimweleza Salma peke yake, mlango umefungwa, na walikaa muda mrefu. Selemani nje alisikia wakati mmoja sauti ya kilio, na baadaye kidogo, jambo ambalo hakulitarajia, kicheko cha Nesi. Salma alipotoka alisema tu, "Nimepata somo mwingine."

Majibu ya damu ya wote wawili yalirudi baada ya wiki mbili. Hawakuwa na kaswende, ugonjwa mwingine unaopita njia hiyo hiyo na ambao humwingia mtoto hata kabla hajazaliwa. Raheli aliwapima kisonono mara ya pili, na mara ya tatu mwezi wa tano. Wote walikuwa safi. Hata hivyo Selemani aliendelea kulala barazani. Nesi alikuwa ameruhusu. Salma hakuruhusu.

Barua tatu zilikwenda Dar es Salaam. Filipo alijibu kwa kurasa nne za mzaha, na katika mstari wa mwisho akasema yeye na mwenzao wamekwenda kwa daktari, kila mtu na cheti chake, na wameambiwa kuhusu mipira ya kiume, ambayo daktari anatoa na wanafunzi wanaona haya kuomba. Barua ya Veronika ilikuwa fupi. "Nilikuwa nao na sikujua. Nimetibiwa. Ungeniambia mwezi wa nane." Selemani aliisoma barua hiyo kwa sauti mbele ya Salma, kwa sababu Salma alitaka isomwe.

Kuhusu Mikindani, Salma alikataa kwenda. "Nitajifungulia hapa hapa, kwa Nesi Raheli. Mama aje yeye." Mama mkwe alikuja na mikoba mitatu na manung'uniko. Alisema tangu lini mtoto wa kwanza akazaliwa ugenini, watu watasema yeye amekufa. Salma alimjibu, "Nesi ana dawa ya macho ya mtoto. Kwetu haipo." Hakueleza zaidi, na mama, baada ya kumtazama binti yake vizuri, hakuuliza zaidi.

Mtoto alizaliwa katikati ya mwezi wa sita, mchana, zahanati. Alikuwa wa kike. Kabla hajafungwa nguo vizuri, Raheli aliyafuta macho yake kwa pamba safi na kutia matone ya dawa, tone moja kila jicho. Alisema watoto wote wanaozaliwa mikononi mwake huwatia, hata wa wazazi wazima, kwa kuwa mkunga hawezi kujua kila kilichopita katika kila nyumba.

Siku ya pili mama na mtoto walirudishwa nyumbani, wakaingia chumbani. Mama mkwe akashika mlango. Kwa desturi yao, mwanamume hamwoni mtoto mpaka siku ya saba anapotolewa nje. Selemani alikuwa anahesabu siku nyingine, zile alizotajiwa na Nesi. Siku ya pili alisimama dirishani.

"Macho yakoje?"

"Amelala," alijibu mama mkwe.

Siku ya tatu aliuliza asubuhi, mchana na jioni. Bi Somoe, aliyekuwa akiingia na kutoka, alimwambia, "Mume wangu, mtoto ana pua pia, na miguu. Hujaiulizia hata mara moja." Lakini alipomwona hacheki, akaongeza, "Nesi alikuja adhuhuri. Amefungua jicho hili na hili. Hakuna uvimbe, hakuna usaha." Siku ya tano Raheli alikuja tena, akatoka akiwa ananawa mikono, akampa Selemani habari ile ile.

Siku ya saba, jua la asubuhi lilipofika uani, mlango ulifunguliwa. Majirani walikuwa wamejaa, na vigelegele vilipigwa. Salma alitoka amembeba mtoto, akapita katikati ya watu mpaka aliposimama mumewe. Mtoto alikunja uso kwa mwanga, akafumba macho, halafu akayafumbua. Yalikuwa meusi, makavu, safi. Yalitangatanga kidogo, yakatulia juu ya kitambaa cheupe cha kofia ya Selemani.

"Anaona," Selemani alisema.

"Anaona," Salma alisema. Kisha akasogea karibu, ili wengine wasisikie. "Mimi bado sijakusamehe. Jumatatu utakwenda chuoni, na ukirudi tutakwenda kwa Nesi wote wawili kabla hujaingia chumbani mwangu. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Haya. Mshike mwanao. Kichwa, uzuie kichwa."

Selemani alimpokea. Alisimama naye pale juani mpaka mikono ikachoka, na Salma hakumwomba amrudishe.